Uliahidiwa Nini Hasa?

Kama kuna mahali ambapo mhubiri hapaswi kulitamka neno "ahadi" kwa wepesi, ni Bura. Sisemi Bura ya Taita yenye misheni ya zamani ya Wakatoliki. Nasema Bura ya huku Tana, ambayo nayo ni mbili: magharibi mwa mto kuna mji wa mradi wa umwagiliaji, Kaunti ya Tana River, na ng'ambo, mashariki, kuna Bura ya Fafi, Kaunti ya Garissa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilipanga kumwagilia hekta 6,700 hapa na kuleta familia zaidi ya 5,000. Watu wasiokuwa na ardhi walifunga virago kutoka Kati, Nyanza, Magharibi, Ukambani na Pwani, wakaja kuishi na Wapokomo, Waorma na Wasomali waliowakuta. Kila familia ingepata shamba la kama ekari tatu, pamba ya kuuza, mahindi ya kula, nyumba, na maji.

Familia zilizofika hazikufikia nusu ya hesabu ile. Banio la kuyaingiza maji ya mto mferejini kwa mteremko halikujengwa wakati ule. Maji yakawa yanavutwa na mashine za dizeli kutoka Nanigi, mashine zikawa zinakufa mara kwa mara, na katika miaka ya 1990 mashamba yakabaki makavu. Hata mathenge, mti ulioletwa ili watu wapate kuni, uliwageuka: ulifunga njia na mifereji, na miiba yake ndiyo inayowapa riziki mafundi wa kuziba pancha. Kilimo kilifufuliwa baadaye, miaka ya 2000, lakini kufikia hapo kizazi kizima kilikuwa kimeshajifunza namna ya kupokea ahadi: unapiga makofi, unarudi nyumbani, unachukua mtungi unaenda mtoni.

Mtu wa kizazi hicho Jumapili anaambiwa kwamba Mungu ni mwaminifu kwa agano lake. Anaitikia "Amina" kwa sauti, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Moyoni anaipima habari hiyo kwa mizani anayopimia maneno ya jukwaani. Ninamwandikia yeye, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asijilazimishe kuamini kabla hajauliza swali ambalo mkulima yeyote wa mradi angemuuliza karani aliyemletea karatasi atie kidole: nimeahidiwa nini hasa, na nani, na kama mambo yakiharibika nani anawajibika?

Biblia haikasiriki ukiiuliza hivyo. Fungua Mwanzo 15. Abramu amekwisha kuambiwa kwamba atakuwa taifa kubwa, miaka imepita, hana mtoto hata mmoja, na anamwambia Mungu waziwazi kwamba atakayemrithi ni mtumishi wa nyumbani mwake. Anauliza atajuaje. Mungu hamkaripii. Anamwagiza ndama jike, mbuzi jike na kondoo dume, wote wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Abramu anawapasua wale watatu wakubwa katikati na kuvipanga vipande vielekeane, kisha anashinda pale akiwafukuza ndege wala mizoga. Mfugaji wa Fafi hahitaji kuelezwa nyama iliyoanikwa juani inavyovuta tai, wala kazi ya mzee wa miaka ile kusimama na fimbo mchana kutwa akingoja mtu ambaye hajatokea.

Jua linakuchwa, usingizi mzito unamshika, na katika giza tanuru ya moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vipande. Maana ya kupita pale inaonekana katika Yeremia 34: watu waliopita kati ya vipande vya ndama kisha wakalivunja agano wanaambiwa watafanywa kama ndama yule. Anayepita anajiapiza. Sasa tazama ni nani aliyepita usiku ule. Abramu amelala. Hakuombwa atembee, hakuombwa kidole gumba, hakuulizwa kama imani yake inatosha. Aliyejifunga ni mmoja tu, na ndiyo maana Waebrania 6 inasema kwamba Mungu, kwa kuwa hana mkubwa wake wa kuapa kwake, aliapa kwa nafsi yake mwenyewe.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu ugonjwa mkubwa ninaousikia kwa Wakristo wa huku ni ule wa kuipima imani yao kila asubuhi. "Imani yangu ni ndogo, ndiyo maana sijajibiwa." Nani alikwambia kwamba agano linasimama juu ya imani yako? Imani ni mkono wa kupokea. Mkono unaotetemeka nao hupokea. Abrahamu mwenyewe aliondoka Harani akiwa na miaka 75 na akampata Isaka akiwa na miaka 100; katika ile miaka 25 alimdanganya Farao kuhusu mkewe, akazaa mtoto na Hajiri, mjakazi wa mkewe, kwa sababu kungoja kulimchosha, na alipoambiwa kwamba Sara atazaa, alianguka kifudifudi akacheka. Agano halikuyumba hata mara moja. Kwa hiyo ukiamka kesho huna hisia zozote za kiroho, usianze kujichunguza. Soma alichoapa Mungu, kisha nenda shambani.

Na ukisoma habari hizo usimruke Hajiri. Katika Mwanzo 16 Mungu anamfuata kwenye chemchemi jangwani; katika 17 anamwambia Abrahamu kwamba Ishmaeli, mtoto wa Hajiri, naye amebarikiwa na atakuwa taifa kubwa; katika 21 anaisikia sauti ya kijana anayekufa kwa kiu na kumfungua mama yake macho aone kisima. Wanaotumia agano la Abrahamu kuwadharau majirani Waislamu, wanaomheshimu Ismail kuwa nabii, wamesoma kurasa zinazowapendeza tu. Kisima kile nacho ni neno la Mungu.

Sasa lile swali gumu: ni ahadi gani iliyo yako? Si kila ahadi iliyoandikwa iliandikwa kwa jina lako. Baada ya gharika Mungu aliahidi kwamba maadamu nchi iko, majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma, na kwamba maji hayataiangamiza dunia yote tena. Kuanzia mvua za vuli za 2020 hadi za 2022 huku kwetu misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara. Kisha Novemba 2023 Tana ikapasua kingo, barabara ya Garissa na Madogo ikazama, na watu wakavushwa kwa boti juu ya lami. Je, Mungu alivunja agano la Nuhu? Hakuvunja. Aliahidi kuhusu dunia nzima na majira yake. Hakuahidi kwamba vuli hazitaikosa Fafi, wala kwamba Tana haitavuka ukuta wa bustani yako. Ukimdai asichoahidi utaumia, na wala hakuna aliyekudhulumu.

Vivyo hivyo Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani na tumaini, umeandikwa kwenye vibandiko vya matatu na kadi za kufaulu mitihani. Ningeomba kila anayeupenda aanze kusoma mstari wa 4. Ni barua kwa wafungwa waliohamishiwa Babeli. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, waombee amani ya mji waliopelekwa, kwa sababu watakaa miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa kulekule. Ahadi ilikuwa ya kweli, na haikuwa na haraka. Mtu wa Bura aliyeletwa hapa akiwa kijana, akapanda mwembe kwenye shamba ambalo hana hati yake, anaielewa barua hiyo kuliko kijana wa mjini anayengoja visa.

Na Kumbukumbu la Torati 28, pamoja na mvua kwa wakati wake na ghala zilizojaa, ni maneno kwa taifa la Israeli katika nchi yao, chini ya agano la Sinai, yenye baraka upande mmoja na laana upande wa pili. Yanatufundisha tabia ya Mungu. Hayatupi haki ya kuhesabu magunia.

Iliyo yako kwa kalamu isiyofutika ni ile ya Yeremia 31, ambayo Yesu aliishika mkononi usiku wa karamu ya mwisho alipokitaja kikombe kuwa agano jipya katika damu yake. Ndani yake mna mambo haya: dhambi zako hazitakumbukwa tena, sheria ya Mungu itaandikwa moyoni mwako, utamjua, mdogo kwa mkubwa, bila kupitia kwa mtu mwenye cheo, utakuwa wake naye atakuwa wako. Ongeza juu yake yaliyofuata: Roho wake ndani yako, uwepo wake hata mwisho wa dahari, na ufufuo wa mwili. Paulo anaziweka ahadi zote mahali pamoja katika 2 Wakorintho 1:20, akisema ndiyo yake ni Kristo. Kama ulikuwa ukingojea mbuzi wazae mapacha, orodha hii inaweza kukukatisha tamaa. Nakuelewa. Lakini hebu tafuta katika orodha hiyo kitu kimoja ambacho ukame wa 2022 uliweza kukichukua.

Hapa ndipo niseme neno juu ya watu wa "panda mbegu". Redio na simu zimewaleta mpaka vijiji vya mwisho vya mradi. Mhubiri ambaye hajawahi kukanyaga Bura anamwambia mama mwenye mbuzi mmoja amtumie shilingi elfu moja kwa M-Pesa ili "alifungue agano lake", na namba inapita chini ya picha yake. Malaki 3 imegeuzwa kuwa risiti. Sura ile inaizungumzia Israeli iliyoacha kuleta zaka ghalani kwa Mungu, ghala lililowalisha Walawi. Na katika Kumbukumbu 14 zaka ya kila mwaka wa tatu iliwalisha pia mgeni, yatima na mjane. Yaani mama huyu ndiye aliyepaswa kulishwa kutoka ghala lile! Ushauri wangu hauna heshima nyingi: futa namba hiyo. Kama una shilingi mia ya kumtolea Mungu, mpe jirani ambaye hajapika, au kanisa ambalo unaweza kumwona mtunza hazina wake na kumuuliza hesabu. Agano lililofungwa kwa damu ya Mwana halifunguliwi kwa namba ya siri ya simu.

Nimekuwa nikilizunguka jambo moja. Alfajiri ya Aprili 2, 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi. Walioshambuliwa mwanzo ni pamoja na vijana waliokuwa wamekusanyika kwa maombi ya asubuhi. Hawa si watu walioliacha agano. Walikuwa wamepiga magoti. Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo Kanisa zima linakikumbuka kikombe kile.

Baada ya siku kama hiyo, Zaburi 91 inasomekaje, yenye elfu wanaoanguka ubavuni mwako huku wewe hukaribiwi na mabaya? Wapo walioacha kuisoma. Wapo waliofanya vibaya zaidi: waliketi na wazazi waliofiwa wakaanza kutafuta kosa la mtoto. Mimi naanzia Mathayo 4. Zaburi hiyo inanukuliwa pale juu ya kinara cha hekalu, na anayeinukuu ni Ibilisi, akimwambia Yesu ajitupe kwa kuwa malaika wameahidiwa. Yesu hakuikana zaburi. Alikataa kuitumia kama dai la kumlazimisha Baba. Miaka michache baadaye alikufa hadharani, na malaika hawakuja kumshusha. Siku ya tatu zaburi ikatimia kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Vivyo hivyo Paulo katika Warumi 8, anapoorodhesha vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Kristo, anautaja upanga kwa jina lake, pamoja na njaa na uchi. Hasemi hautatufikia. Vijana watatu wa Danieli 3 nao waliliweka wazi mbele ya tanuru: Mungu anaweza kutuokoa, na hata asipotuokoa hatutaiabudu sanamu yako. Hiyo "hata asipo" ni imani iliyokomaa, wala si shaka.

Kwa hiyo, ewe mzee wa kanisa unayekwenda matangani, acha sentensi inayoanza na "Mungu ana mpango, mama, we shukuru tu". Inaweza kuwa kweli na bado ikawa kofi. Kaa mkekani. Kunywa chai uliyopewa. Kama utasoma chochote, soma Zaburi 89 mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza ni sifa tupu za agano ambalo Mungu alimwapia Daudi, jua na mwezi vikiwa mashahidi. Kisha kwenye mstari wa 38 mwimbaji anageuka ghafla: lakini wewe umetutupa, umelichukia agano, taji liko mavumbini. Anauliza wapi fadhili zile za kwanza ulizoapa. Lalamiko linaishia hivyohivyo, bila jibu, na bado limo katika kitabu cha sala. Maana yake unaruhusiwa. Mlalamikaji huyo hakuondoka nje akamsengenya Mungu kwa majirani. Alikwenda na kiapo cha Mungu mkononi akamwonyesha. Hilo ndilo lalamiko la agano, na linahitaji imani kubwa kuliko pambio.

Fanya hivi kwa vitendo. Chukua daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Ukurasa wa kushoto andika ahadi unayoishikilia, kwa maneno yako, na uandike ilitolewa kwa nani. Ukurasa wa kulia andika unachomwomba Mungu msimu huu: mvua, karo, kesi ya shamba, mume arudi kutoka Nairobi. Usivichanganye. Ya kushoto unadai, kwa sababu aliapa. Ya kulia unaomba, kama mtoto anavyomwomba baba, na unakubali kwamba anaweza kusema subiri au hapana. Watu wengi waliopoteza imani walikuwa wameuandika ukurasa wa kulia upande wa kushoto.

Kisha tenda jambo dogo ambalo lingekuwa upuuzi kama Mungu asingekuwa mwaminifu. Mfano wangu ni Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na binamu yake anamjia na pendekezo la kumuuzia shamba la Anathothi, eneo ambalo adui ameshalikalia. Bei ni shekeli kumi na saba za fedha. Yeremia ananunua! Anapima fedha mbele ya mashahidi, anatia muhuri, anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baada ya hapo anaomba, na maombi yake yanaonyesha kwamba yeye mwenyewe anashangaa amefanya nini. Bura nimeona mambo ya ukoo huo: mama anayepanda miche ya mwarobaini mwaka wa ukame na kuinyweshea maji ya kuoshea vyombo, chama kinachoendelea kumchangia mwanafunzi wa sekondari ingawa wachangiaji wenyewe wanakula mlo mmoja.

Na kuna upande wa agano ambao hatuuhubiri sana kwa sababu unatugusa sisi. Anayemtumaini Mungu mshika-agano anatakiwa kushika yake. Katika Yoshua 9 Wagibeoni waliwahadaa Israeli kwa viatu vilivyochakaa na mkate wenye ukungu, wakapata mapatano ya amani. Hila ikajulikana siku tatu baadaye, lakini kiapo kilishatolewa, kikashikwa. Vizazi vingi baadaye Sauli akawaua, na 2 Samweli 21 inasema njaa ya miaka mitatu ya siku za Daudi ilitokana na hilo. Sitaki mtu aondoke hapa akisema kila ukame ni adhabu. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba Mungu aliyapa uzito mapatano na watu wa dini nyingine, hata yaliyopatikana kwa hila.

Huku mapatano yetu ni ya malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni. Mkulima akiifunga malka kwa miiba ya mathenge, ng'ombe atapita kwenye mahindi, na baada ya hapo ni panga na rungu. Mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 mapigano ya Wapokomo na Waorma kule delta yaliua watu zaidi ya mia moja. Siwezi kumwelewa Mkristo anayeimba uaminifu wa Mungu asubuhi na kusogeza ua wake hatua mbili ndani ya malka jioni. Wakati huohuo wapo waliotushikia mapatano sisi. Baada ya makanisa mawili ya Garissa kushambuliwa Julai 1, 2012, viongozi wa Kiislamu walijitolea vijana wao wayalinde makanisa. Desemba 2015 abiria Waislamu wa basi la Mandera walikataa kutengana na wenzao Wakristo mbele ya bunduki. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi hapo na akafa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo kabla kiangazi hakijakaza na mifugo haijaanza kushuka, makanisa ya pande zote mbili za mto yawatume wazee wao kwa wazee wa wafugaji. Waitembee malka pamoja kwa miguu, wakubaliane alama, na wakubaliane pia fidia ni kiasi gani ng'ombe akiingia shambani na ni kiasi gani mkulima akiziba njia. Iandikwe, nakala ibaki msikitini na nyingine kanisani. Na kama kuna mshirika ambaye ua wake umeshasogea, auvute nyuma mwenyewe kabla ya siku ya matembezi, asingoje kuulizwa.